Kutibiwa kwa Simu, Yaya Pembeni

Mwalimu anayekimbia darasa lake hachekwi na wanafunzi tu, anachekwa na soko zima. Mimi nilikimbia mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza lori lilishusha mbao karibu na shule yetu, pale Murara. Mara ya pili ilikuwa radi, radi ya kawaida ya msimu wa mvua. Mara ya tatu jirani aliangusha kifuniko cha sufuria, nami nikajikuta barabarani nimeshika chaki, na watoto arobaini na wawili nyuma yangu hawana mtu. Mkuu wa shule, mama direktrisi, hakunigombeza. Aliniketisha na kusema nami kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kelele.

“Mwalimu, vita iliingia mu roho ya kila mutu mu hii muji. Lakini batoto ya batu haiwezi kubakia peke yao. Ukikimbia tena na kuwaacha, nitapatia darasa mwalimu mwengine.”

Darasa la nne ndilo lililokuwa linanitoa kitandani asubuhi. Kulipoteza kungekuwa kupoteza na akili iliyobaki. Mwalimu mwenzangu akanipa namba ya mwanasaikolojia mmoja, mama anayefanya kazi peke yake huko Lubumbashi na kutibu watu kwa simu. Nikafurahi. Hospitalini kwetu wapo pia, lakini Goma ukionekana saa tatu kwenye mlango wa daktari wa akili, saa sita watu wamekwisha kukuona unaokota makaratasi.

Kabla ya siku ya kwanza alinitumia maswali: unalala vipi, unakula vipi, unataka nini kibadilike. Hapo nikaandika, “Nibaki darasani.” Akatuma na masharti. Niwe peke yangu, mlango umefungwa. Mtandao ukikatika nisihangaike, yeye ndiye atakayepiga tena. Tutakayosema yatabaki kwetu, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Dawa hatoi.

Nilielewa yote, isipokuwa hilo la kuwa peke yangu.

Kwetu hakuna mtu anayekwenda kwa daktari peke yake, labda awe hana ukoo. Mgonjwa ana garde-malade wake: ndiye anayeleta chakula, anayefua, anayelala chini ya kitanda cha hospitali, na zaidi ya yote ndiye anayemjibu daktari, maana mgonjwa anajua nini? Katika familia yetu kazi hiyo ni ya dada yangu mkubwa, yaya wangu. Aliposikia nina daktari alishuka kutoka Munigi na pikipiki, amebeba termosi ya uji, mkeka na beseni.

“Beseni ya nini, yaya? Ni simu!”

“Mugonjwa ni mugonjwa,” akasema, akavua viatu.

Tukaegemeza simu kwenye kopo la maziwa. Yaya akakaa nyuma yake, mahali asipoonekana, na waya wa kusikilizia tukagawana: sikio moja langu, moja lake. Dokta akatokea, mama mnene mwenye miwani, nyuma yake ukuta mweupe.

“Uko peke yako, mama?”

“Ndiyo, dokta, niko peke yangu.”

Wala sikuona kwamba nadanganya. Garde-malade hahesabiwi.

Akaniuliza usingizi wangu ukoje. Nilikuwa bado natafuta maneno.

“Analala bibaya sana, dokta!” yaya akajibu kwa nguvu. “Anapiga mateke kama mbuzi. Na uji alikatala.”

Dokta akatazama kushoto na kulia kwenye kioo chake. “Huyo ni nani?” Nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamshukuru yaya kwa heshima zote, akasema safari ijayo atanitaka mimi tu, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya anayempenda. Yaya alinuna siku mbili.

“Ni maneno gani hauwezi kusema mbele yangu?” akawa ananiuliza huku akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nilijua ni maneno gani.

Jioni ile Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulipotema moto, mimi ndiye niliyekuwa nakaa na papa, baba yetu, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umekufa. Yaya wakati huo alikuwa ameolewa Rutshuru, na lava ikakata barabara. Mbingu ilikuwa nyekundu, watu wanapiga kelele njiani, nami nikatoka mbio. Nilibeba sufuria ya maharagwe. Papa nilimwacha kwenye kiti chake. Nilikuwa nimekwisha kufika mbali, kwenye barabara ya Sake, ndipo nilipoona nilichobeba na nisichobeba. Nikageuka, nikaanza kusukumana na watu wote wa Goma. Njiani nikakutana na jirani yetu, muuza makaa, anasukuma chukudu yake, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo, na papa amekaa juu.

“Chumvi umeleta?” papa akaniuliza.

Yaya alipopata mtandao, papa akamwambia mbele yangu, “Mudogo wako njo alinitosha mu nyumba,” yaani mimi ndiye niliyemtoa. Yaya akaipeleka habari hiyo kanisani, ikakua: nilimbeba papa mgongoni. Papa alipofariki kwa maradhi yake, ilisimuliwa hata makaburini, na mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu. Kisha vita ikaingia mjini, na tangu mabomu yale miguu yangu haingojei tena ruhusa yangu.

Mara ya pili na ya tatu niliongea na dokta mlango umefungwa. Nilitegemea maombi au mawaidha, akanipa kazi ya nyumbani: nikisikia mshindo nikanyage chini kwa nguvu, nitaje vitu vitano ninavyoviona. Na kimya chake! Nilisema “Allo? Allo?” nikidhani mtandao umekwenda, naye akajibu, “Niko hapa, mama. Ninakungojea.” Mara ya nne kimya kile kikanishinda. Nikasema yote, kiti, maharagwe, chukudu. Hakushtuka. Aliniuliza tu ni nani niliyekuwa namwogopa zaidi akisikia.

Mlango ukafunguka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye yaya huumbuliwa hata kabla ya kifo. Yaya alikuwa nje wakati wote na termosi yake.

Akakaa mbele ya simu, bila kunitazama.

“Dokta, miye nilijua tangu zamani. Papa alinielezea yote, hata ile sufuria. Lakini huyu alirudi. Barabara ya Rutshuru ilifunguliwa, na miye nikakaa kule majuma tatu, nasema gari haiko. Gari ilikuwako. Niliogopa.” Akajifuta uso kwa kitenge. “Nilisema kanisani alimubeba, kwa sababu nilitaka kwetu kukuwe mutu moja mwenye alimubeba papa.”

Sisi wawili tulilia mpaka dokta akaongeza dakika kumi.

Siku chache baadaye, tukiwa kwenye hesabu, tairi la lori lilipasuka nje ya ukuta wa shule. Nilikanyaga, nikataja ubao, dirisha, ndoo, na cha nne sikukipata, maana nilikuwa tayari uani. Miguu ilitaka lango. Nikasimama pale juani, nikijua kabisa ni nani walioko nyuma yangu. Nikageuka, nikarudi polepole.

Walikuwa wamekaa wote arobaini na wawili, hakuna aliyeinuka. Msichana wa dawati la mbele akasogeza kitabu chake.

“Tulisema utarudi, mwalimu.”