Nélida, 'Marehemu' wa kisiwa cha Decepción, akataa kufa mara ya pili

Mkate wa mafuta umo ndani ya oveni, ndiyo kwanza unaanza kushika rangi, na Nélida Oyarzo anaimba. Nje ya dirisha la jiko ufukwe mweusi unafuka mvuke, na pengwini wawili wanapita taratibu kama wakaguzi wa kodi. Ni saa nne asubuhi katika kambi ya kisiwa cha Decepción, Antaktika.

Mara honi inalia. Mlio mmoja mrefu, kisha miwili mifupi.

Nélida anakatisha wimbo katikati ya neno. Anaitazama oveni. Halafu anafanya jambo ambalo kambi nzima imelisubiri mwaka mzima: anavaa kofia ngumu, anachukua barakoa na mkoba uliotundikwa mlangoni, anatoka. Hageuki nyuma.

Mwaka jana aligeuka. Lilikuwa zoezi la kuhama, naye mama huyu wa miaka hamsini na minne kutoka Ushuaia alishafika katikati ya kilima alipoukumbuka mkate wake. Akarudi kuutoa. Kambini kuna desturi: anayerudi nyuma amekufa. Mkuu wa kambi, Basualdo, alimvisha shingoni kibao kilichoandikwa MAREHEMU, na jina likamganda. Marehemu, lete chumvi. Marehemu, maji ya chai yamechemka? Hata mabaharia wa meli ya vyakula, wakiita kwenye redio, walitanguliza salamu kwa marehemu.

Kinara wa utani huo ni Hermes Villagrán, fundi wa jenereta, mtu mwembamba kama mlingoti lakini kwa kula mkate hana mpinzani.

"Nilimwambia, siku nikifa kweli utatafuna biskuti za makopo mpaka meno yakutoke," anasimulia Nélida. "Akanijibu, dada, umeshakufa na bado unapika vizuri, hofu ya nini?"

Msimu huu utani umeota meno. Basualdo alishamweleza mpishi wake waziwazi: akifa tena, anapanda meli ya kwanza na kiangazi kijacho jiko litakuwa la mwingine. Kwa Nélida, hilo ni zaidi ya mshahara. "Nyumbani napikia midomo miwili, wangu na wa mume wangu, na wa mume wangu hausemi kitu. Huku ni midomo thelathini, yote inapiga domo."

Mkuu huyo si mkali bure. Ghuba iliyo mbele ya kambi ndiyo mdomo wenyewe wa volkano. Bahari imeujaza, na meli huingia kwa upenyo mmoja tu. Mwishoni mwa miaka ya sitini kisiwa kililipuka, kambi za hapa zikabomoka, watu wakakimbia chini ya mvua ya mawe na majivu.

"Watu huniuliza, maji si yanazima moto?" anasema Nélida. "Nawaambia, mwagia kikombe cha maji kwenye sufuria ya mafuta yanayochemka, halafu njoo unisimulie, kama utakuwa bado na nyusi."

Ndivyo ilivyo. Miamba iliyoyeyuka ikikutana na bahari, maji hugeuka mvuke kwa mkupuo, na mwamba hupasuka vipande vipande hadi angani. Barafu ya milimani nayo huyeyuka, ikishuka na tope. Mlipuko ukianzia ghubani, boti hazifai kitu. Inabaki miguu: kupanda mgongo wa kisiwa na kushukia pwani ya nje, meli inakosubiri.

Na wiki hii ardhi imetikisika kidogo kidogo. Itatí Benegas, mtaalamu wa volkano, alishabadilisha taa ya tahadhari kutoka kijani kwenda njano. Kwa hiyo leo, wanapopanda wakihema, hakuna anayejua kama honi ni ya zoezi au ya kweli.

Nélida anapanda kama aliyetumwa. Majira yote ya baridi alifanya mazoezi kwenye ngazi za mtaa wao huko Ushuaia, mgongoni gunia la viazi. Majirani wakaeneza kwamba amegombana na mumewe, anahama kidogo kidogo.

Anafika juu akiwa wa tatu. Basualdo anahesabu kofia. Anahesabu tena.

Imepungua moja. Villagrán, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga koki ya gesi nyuma ya jiko.

Domo lote la kambi linakauka. Chini, ukungu na mvuke vimefunika mabati ya kambi. Basualdo anaita kwenye redio, redio inakoroma tu. Nélida ameteremsha barakoa shingoni, anarudia peke yake: yuko wapi yule mjinga, yuko wapi yule mjinga.

Ndipo kofia ya manjano inapoibuka ukunguni. Mwenyewe anapanda kwa shida, tumbo limemvimba ndani ya koti. Akifika anafungua zipu. Ni mkate.

"Koki nilifunga," anasema akitweta. "Lakini ile harufu, dada. Ilinishika mkono."

Watu wanaangua kicheko, na Basualdo anatangaza kwamba ni zoezi. Nélida hacheki. Anamwomba Basualdo kile kibao, anamvisha Villagrán shingoni.

"Mkate naoka kila siku," anamwambia kwa sauti ya chini. "Wewe nitakuoka wapi?"

Mkate unaliwa palepale mlimani, ungali na joto. Marehemu hapewi.

Basualdo ameshamthibitishia nafasi yake kwa mwakani, na Nélida tayari ana mpango. "Naja na kufuli. Honi ikilia, nafunga jiko, ufunguo napanda nao. Mwaka jana sikujua wenzangu walivyojisikia huku juu wakihesabu kofia."

Baada ya chakula, fundi wa jenereta yupo kwenye karai la vyombo, kibao kikimning'inia, kambi nzima imejazana jikoni kumtazama. Anaivuta sufuria ya kukaangia kutoka juu ya jiko na kuielekeza kwenye bomba.

"Marehemu," Nélida anamwita. "Mafuta yake bado ya moto. Usitie maji."