Ufa Uliopita Kibanjani kwa Mama

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nasoma miamba kwenye kompyuta tu. Ofisini kwetu Dar es Salaam, kazi yangu ni kutazama picha za mitetemo, zile zinazoonyesha tabaka za mawe chini ya bahari ambako gesi hujificha, na kuchora mstari pale tabaka zilipokatika. Mwamba wenyewe sikuwa nimeugusa tangu chuo. Kwa hiyo tulipopelekwa kwenye mafunzo ya jiolojia ya miundo, yaani jinsi miamba inavyojikunja na kukatika, na kuambiwa kuwa mazoezi yatafanyika kwenye magenge ya mawe ya Bukoba, nilicheka peke yangu. Mimi ni mtu wa Kaagya, huko huko Bukoba. Magenge hayo niliyajua kabla sijajua kusoma.

Mkufunzi wetu, mzee mpole wa kutoka Mwanza, alitutahadharisha mapema. "Hapa hatutafuti mafuta. Tumekuja kuona kwa macho kile mnachokikisia kwenye skrini."

Alitugawa wawili wawili. Mimi na kijana mmoja wa Mtwara tulipewa ufa uliokata genge juu ya ziwa; upande mmoja tabaka zilikuwa zimeshuka, kama ukuta uliotitia. Kazi yetu ilikuwa kuufuata ufa huo kwenda juu kilimani na kuuchora kwenye ramani.

Kesho yake ufa ulitupotea chini ya udongo na migomba. Tulipima kwa dira, tukanyoosha mstari kwenye ramani. Mstari ukavuka barabara, ukapita nyuma ya kanisa, ukaingia kibanjani kwa mama yangu, kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba yetu.

Nilikuwa nimepanga kumtembelea Jumapili. Tulimkuta amesimama mbele ya jiko, mikono kiunoni. Jirani alishamwambia kwamba watu wa mafuta wanapita na nyundo, na vibanja vitachukuliwa.

"Mwanangu, na wewe umo?" aliniuliza kwa Kihaya, hata kabla ya salamu.

Mwenzangu, ambaye hakuelewa hata neno moja, akaamkia, "Shikamoo, mama." Mama aliitikia marahaba bila kuniondolea macho.

Ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumweleza kazi yangu. Alichojua ni kuwa niko ofisini, basi. Niliingia ndani nikatoa vitenge vyake, nikavipanga kimoja juu ya kingine kwenye mkeka.

"Mawe yalilala hivi," nikamwambia. Nikavisukuma kutoka pande mbili, vikainuka katikati. "Yakisukumwa hujikunja, na gesi inayopanda hunaswa hapa chini ya mgongo. Mengine hayajikunji, hukatika. Mimi najifunza kujua yamekatika wapi. Haya ya kwetu tunayafanyia mazoezi tu, mama. Hakuna atakayegusa kibanja."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Aliinama, akavisukuma vitenge mwenyewe, taratibu, halafu akacheka. "Basi piteni. Ila msinikanyagie maharage."

Tulipokuwa tukipita kati ya migomba nikalikumbuka jiwe letu. Mwisho wa kibanja kuna mwamba ulioinama. Utotoni tulikuwa tunautelezea tukiwa tumekalia magome ya migomba, hadi sketi zikatoboka. Nilimvuta mwenzangu tukakimbia. Tulipofagia majani, uso wa mwamba ulikuwa laini kama uliopigwa msasa, na michirizi myembamba yote ikielekea upande mmoja. Hizo ni alama zinazobaki mwamba unaposuguana na mwenzake kwenye ufa. Miaka yote nilidhani ni sisi watoto tulioulainisha.

"Dada, ndio wenyewe!" mwenzangu alipiga kelele. "Uko kwenye mstari kabisa!"

Tulimpigia simu mkufunzi, naye alipofika alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya michirizi. Kisha akaita darasa zima. Tulipima mwinamo wa mwamba kwa zamu, tukabishana ni upande upi ulioshuka, na kwa mara ya kwanza mafunzoni nilibisha kwa sauti, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa juu ya jibu.

Mama alitupikia ndizi na maharage, akakataa katakata tuondoke bila kula. Jioni niliomba ruhusa nisirudi hotelini. Tuliketi wawili jikoni, na alikuwa na maswali mengi: chini ya bahari kukoje, nani anashuka huko, kama ofisini kuna wanawake wengine. Nilimjibu moja baada ya jingine, chai ikapoa, akaipasha tena.