Meno Yangu Kwenye Reki

Leo natafuna tena, namshukuru Mungu. Meno yangu ya mbele aliyamaliza Odhiambo, yule dereva mlevi wa lori la miwa, aliponigonga barabarani. Mimi nilipona kwa neema tu. Basi meno ya bandia niliyowekewa yalipopotea kazini, kwenye mabwawa ya kusafisha majitaka, nikawashtaki wenzangu wawili, nikamwambia mkubwa wetu wazi, "Ni Ouma na Kamau wameyaficha!" Alikuwa karibu kuwafuta kazi.

Kumbe asubuhi omena, wale dagaa wa jana, walikuwa wamenitapisha kwenye choo cha hapo kazini, nikavuta maji bila kuangalia.

Mchana Kamau akakwangua takataka kwenye wavu wa bomba linaloleta maji ya choo, akamwinulia mkubwa reki iliyonasa meno, akamwambia:

"Mzee, kuna mtu anakucheka hapa."

Furaha ilinifikia kabla ya aibu. "Ni yangu!" nikapiga kelele.

Ouma akauliza polepole, "Na asubuhi tulisikia nani akitapika?"