Likizo ya Dereva Inagaki

Kwa miaka thelathini na minane Inagaki aliendesha basi kwenye milima ya Hida, jicho likiwa kwenye saa, wala hakuwahi kuyatazama maua ya micheri, miti inayochanua huko kila majira ya kuchipua. Alipostaafu, akakodi kigari, akampakia mkewe Fusae waende wakayaone.

"Baba, angalia maua, achana na saa!" Fusae akafoka.

Mazoea yana taabu. Walipofika penye kituo cha basi, mguu wa Inagaki ukakanyaga breki wenyewe. Bibi kizee mmoja mwenye furushi la machipukizi ya mianzi akafungua mlango, akaketi nyuma.

"Bibi, hili si basi," Fusae akamwambia.

"Kwani mimi kipofu? Dereva ni yuleyule, na leo kachelewa dakika mbili."

Inagaki akavua kofia, akaomba radhi kwa dakika zote mbili.