Mguu wa Moinaecha

Kazi yangu ya hospitali ilianza Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, hapa Moroni. Redio ilikuwa imewaambia wafanyakazi wa serikali warudi majumbani, na sisi wanafunzi wa lisee, yaani sekondari, pamoja na vijana wa kamati za mapinduzi, tukapewa nafasi zao. Mimi, msichana ambaye darasani hata kunyoosha kidole naona haya, nikapewa kazi ya kusema. Mpasuaji Mkuu ni mgeni, anajua Kifaransa tu, na mgonjwa alitoka Mutsamudu, kisiwa kingine, kwao mama yangu; lugha zote mbili nazijua.

Mgonjwa, Moinaecha, ana miaka kumi na sita kama mimi. Juu ya goti lake palikuwa na uvimbe mgumu, unang'aa. Koko, yaani bibi yake, alidhani ni mteguko, akawa anaukanda kwa mafuta ya nazi tangu Ramadhani. Mpasuaji aliinua picha ya eksirei dirishani, akaniambia hii ni saratani ya mfupa na koko asiukande tena, huenda anausambaza. Nikatafsiri. Koko akaficha mikono ndani ya shiromani yake, ile nguo aliyojitanda.

Kisha Mpasuaji akanifundisha kama mwalimu. Zamani tiba ilikuwa moja, kukata mguu juu ya uvimbe. Siku hizi huko Ulaya watafiti wanajaribu kutia dawa kali mshipani kwanza, uvimbe unywee, halafu wanatoa kipande cha mfupa chenye ugonjwa tu na kuweka chuma mahali pake. Mguu unabaki. Kama wagonjwa hao wataishi sawa na waliokatwa, bado hawajui.

"Hapa sina dawa hizo wala chuma," akasema, "na tukingoja, ugonjwa utapanda mapafuni. Hayo usimwambie. Mwambie tunakata."

Nilimwambia tunakata mguu.

"Yeye kasema maneno kikapu kizima," Moinaecha akasema, "wewe umenipa mawili. Mengine umeyala?"

Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo wapo watu wenye ugonjwa huu huu, na wanatembea."

"Wapo."

"Nikisubiri dawa hiyo ifike?"

"Utakufa, dada."

Sikuamini kwamba neno hilo limetoka kwangu. Koko alianza kulia. Moinaecha hakulia, alilitazama goti.

"Basi akate. Ila utaniosha wewe. Wale vijana wa kamati wasiniguse."

Kesho yake asubuhi nilichukua beseni, maji ya moto na sabuni. Nilikuwa nimeagizwa nisafishe paja tu, pale kisu kitakapopita. Niliuosha mguu wote, nikashuka hadi katikati ya vidole, nikaukausha.