Kidole Changu na Nikahi ya Mwanaidi

Wacheni niwaambie mwenyewe, maana watu wa ploti yetu hapa Kariobangi wanajua kuongeza chumvi. Ni kweli, mimi ndiye niliyekata nikahi ya Mwanaidi, tena mchana kweupe, nikiwa na akili timamu (kama ninazo).

Tuna waya mmoja tu wa intaneti unaoingia kutoka nje, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, na ulikuwa umeninyima raha: Mama Wanjiku anaangalia ibada, vijana wa juu wako kwa mpira, jirani yangu Bi Zuhura anaongea na mumewe aliye Doha, sasa kama yote yanapita humo, mbona mhubiri hatokei kwenye mpira? Nikajiambia haiwezekani, kila nyumba lazima ina waya wake, na ule ulio pembeni kwenye kisanduku cha koridoni ni wangu. Jumapili hiyo nikapanda stuli, nikauchomoa, nione kama televisheni yangu pekee itazima.

Yalaa! Kelele zikatoka kila mlango. Kwa Bi Zuhura ndiko kulikoharibika zaidi, kwa sababu mumewe, aliyeomba ruhusa kidogo tu kazini, alikuwa kwenye simu anamuoza binti yao Mwanaidi, na sheikh na bwana harusi wamekaa mkekani wakimtazama ameganda mdomo wazi.

Abdul, kakake bibi harusi, akatoka mbio na kanzu yake, akanikuta nimeushika waya. Nikaurudisha, kumbe nimevunja kile kimeno cha plastiki cha kuuzuia usichomoke, ukawa unateleza.

"Bonyeza hapo, na usitoe kidole!"

"Lakini huu ni wa nani?" (Jamani, hata hapo bado nauliza!)

"Ni wetu sote! Mambo ya kila mtu yanakatwa vipande vidogo, kila kipande na anwani yake, vinapita kwa zamu, mbio sana hata huhisi umengoja. Nyamaza sasa, nampigia baba."

Nikasimama mkono juu, jasho likinitiririka, wageni wakipita na sinia za pilau, "Pole, fundi." Simu ikaita, ikaita, nikaomba Mungu. Halafu nikamsikia mzee kutoka Doha: "Nimekuoza binti yangu Mwanaidi." Bwana harusi: "Nimekubali." Vigelegele! Papo hapo juu wakashangilia goli, Mama Wanjiku akaitikia amina, yote yanapita chini ya kidole changu na kila kitu kimefika kwa mwenyewe. Nililia, siwafichi.

Bi Zuhura akaja na sahani, akanilisha palepale juu ya stuli, maana mpira ulikuwa haujaisha.

"Utarudia?"

"Sirudii, Bi Zuhura," nikasema, mdomo umejaa pilau. "Nitauliza kwanza."