Kufuli la Ami na Papa wa Bibi

Safari hii sikuitaka, niliingizwa. Ami Saidi, kaka yake baba, ana jengo la ghorofa mbili huko Sur, mji wa pwani, na mpangaji wake wa chini alikuwa kampigia simu mara tatu kulalamika: kila Ijumaa Wafilipino wa juu wanapanda kwenye paa, wanakaanga samaki wakavu, na harufu inamshukia mpaka kitandani. Ami akanunua kufuli. Kubwa, zito, la kufungia benki. Alikuwa anakwenda kuufunga mlango wa paa, khalas, hakuna tena mikusanyiko. Bibi akasema naye atakwenda, kumtazama mdogo wake anayekaa huko. Na mie nikachukuliwa kwa sababu nikibaki nyumbani peke yangu nitafanya mambo. Mambo gani, hawakusema. Wananijua.

Ibra, kwetu, baada ya alfajiri. Bibi yangu habebi hata mkoba wake mwenyewe, lakini siku hiyo alitoka na furushi lililofungwa mifuko mitatu na kanga juu yake, akalitia mwenyewe kwenye buti. Nilishuku. Nikanyamaza, maana jambo likiwa linapikwa halifunuliwi.

Kabla ya Al Qabil, Ami akaanza kunusa.

"Nani kavua viatu?"

Akanitazama kwenye kioo.

"Ami, miguu yangu ina miaka kumi na sita tu. Harufu hiyo ni ya mtu mzima."

"Funga mdomo."

Akafungua vioo, joto likaingia, harufu haikutoka. Tulipofika Al Qabil akasimama ubavuni mwa mashamba ya mitende, akanusa matairi moja moja kama paka, kisha akafungua buti. Akarudi na furushi kalishika kwa vidole viwili.

"Mama. Nini hiki?"

"Papa," Bibi akasema. "Kaletwa juzi kutoka Unguja."

"Unampeleka wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

"Sur? Mama, unapeleka papa mkavu Sur? Sur kwenyewe wanaanika papa!"

"Papa wa Sur ni papa wa Sur," Bibi akasema, akatazama mbele. Mazungumzo yakaishia hapo. Tukapita Bidiyah vioo viko wazi, mchanga unatuingia masikioni, Ami kajifunga kilemba puani kama mwizi wa mifugo.

Sur, baada ya sala ya Ijumaa. Tulipanda ngazi hadi kwenye paa, Ami mbele na kufuli lake. Nilitarajia fujo, ningefurahi. Nikakuta mikeka, jiko la gesi pembeni, watu kama kumi na watano, na upepo wa bahari. Aliyetupokea ni Marisel, anayefanya kazi kliniki ya meno na ndiye msemaji wao. Kiarabu chake kakiokota kwa wagonjwa, kwa hiyo "fungua" na "tema" anazitamka kama mzaliwa wa hapa. Aliliona kufuli.

"Kaeni kwanza, mle," akatuambia. "Samaki na wali tu, hakuna cha haramu, mama, usiwe na wasiwasi."

Mwanawe, kitoto cha miaka saba hivi, akaja mbio, akauchukua mkono wa Bibi, akauinamia na kuugusisha kwenye paji lake la uso. Kwao ndivyo mtoto anavyomwamkia mkubwa. Bibi hakuwa kaambiwa na mtu. Mdomo wake ukajibu wenyewe:

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa. Bibi akishakaa, mie namjua, haondoki bila kula.

Ami akabaki kasimama. "Mpangaji wangu wa chini halali kwa harufu," akasema. "Na hebu niambieni, Sur yote hii imejaa samaki. Kwa nini mnaagiza wakavu wa kwenu?"

"Wa hapa ni wazuri," Marisel akajibu. "Lakini hawana ladha ya kwetu."

Bibi akakohoa. Kikohozi kimoja tu. Ami akamtazama mama yake, akautazama mlango, akakaa.

Marisel akatueleza basi. Watoto wao wamezaliwa hapa, wanajua Kiarabu na Kiingereza, na wakipigiwa simu na bibi zao wanabaki kucheka tu kwa kuwa hawaelewi. Wazazi wiki nzima wako kazini. Basi Ijumaa kwenye paa ni lugha ya kwao peke yake, na anayeteleza akasema nyingine anasimama kuimba. Hapo hapo mgeni aliyewasili juzi anaonyeshwa duka, daktari na mtu wa kumlilia. Mlango ukifungwa, hawana pengine.

"Kuimba ni starehe, si adhabu," Bibi akasema. "Kwangu mie mezani ni Kiswahili tu, anayeingiza Kiarabu anaosha vyombo. Mtazameni huyu mikono."

Wakaitazama mikono yangu. Nimeosha vyombo vya ukoo mzima, wallahi.

Kisha Bibi akachovya kisamaki ndani ya siki yenye vitunguu thomu, akatafuna, akafumba macho. "Huyo wa chini mnampelekea?"

Marisel akainamisha uso. "Tunaona haya, mama. Tunadhani atakidharau chakula chetu."

"Basi ndiyo anakasirika! Harufu ikifika kabla ya sahani ni kero. Sahani ikitangulia, harufu inasema karibu." Akanigeukia. "We mtoto, inuka."

Nikateremka na sahani. Mpangaji, mzee mmoja mwenye fulana, akafungua mlango kwa uso wa mahakamani. Akanusa. Akaonja kimoja, mlangoni hapo hapo. Akaonja cha pili. Akaingia ndani, akarudi na sahani ile imejaa tende, maana sahani ya jirani hairudi tupu hata ukiwa umekasirika.

"Waambie," akasema, "siku zote nilidhani samaki wao wameoza. Kumbe wanalika!"

Niliporudi juu na tende, Ami akachukua moja, akala. Kisha akaliweka kufuli mkononi mwa Marisel. Wakalifunga kwenye kabati lao la pale kwenye paa, lenye samaki wao na nusu ya papa wa Bibi. (Nusu ya pili ilifika kwa mdogo wake. Bibi mdogo, ukisoma haya, shikamoo.) Ufunguo mmoja wa Marisel. Wa pili Bibi akaudai.

"Mama, unakaa Ibra!"

"Ndiyo. Nikija Ijumaa nigonge kama mgeni?"

Tukarudi Ibra jua likishuka, buti nyepesi, kanzu ya Ami inanuka kuliko sote. Niliondoka nikidhani watu wakitaka kuishi vizuri ugenini wanahitaji jambo kubwa, ukumbi, kamati. Nimerudi najua wanahitaji paa, siku moja na sahani ya kuteremsha chini.

Ijumaa iliyofuata tuko mezani, simu ya Ami ikalia. Mpangaji wa chini. Ami akaguna, akaiweka kwenye spika.

"Saidi," mzee akasema, "harufu imefika. Sahani yangu iko wapi?"